Anayecheka Ndiye Anayefundisha

Hapa Bangwe ukimtaja, mtu atakuna kichwa kwanza, kisha atasema, "Aa, yule mwalimu mkorofi!" Nimeyasikia haya sokoni, nimeyasikia msibani, nimeyasikia hata kwa watu waliojua kusoma kwa sababu yake. Siku hizi sibishani nao. Nawaambia ndiyo, alikuwa mkorofi, tena mkorofi hasa, na kama angekuwa mpole mimi leo ningekuwa natia dole gumba kila ninapotakiwa kuweka sahihi. Mwalimu mpole tulikuwa naye, alifundisha darasa la jirani, na watoto wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, waliopita kwake hawakufika mbali.

Mwaka huu namkumbuka zaidi kwa sababu jambo alilolikataa limerudi. Shule anayosoma binti yangu imeanza kuzungumzia kugawa watoto: wanaofaulu chumba hiki, wanaosuasua chumba kile. Wanalisema kwa sauti laini, kama watu wanaopendekeza rangi ya kupaka ukutani. Mimi nikilisikia damu inanichemka, kwa kuwa mimi nilikuwa wa chumba kile.

Jina lake silitaji. Tulimwita Mwalimu tu, kana kwamba shule nzima ilikuwa na mmoja. Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Najua alitoka upande wa Tukuyu, kwenye baridi, akashuka stesheni ya Kigoma na sanduku na godoro lililofungwa kamba, kama wanavyoshuka watumishi wengi wanaopangiwa huku. Wengi wao huomba uhamisho kabla godoro halijafunguliwa. Naye aliomba, alitusimulia mwenyewe bila kuona haya. Kisha akapewa darasa letu la tano, akaacha kufuatilia.

Alikuwa mwanamke mfupi, kifua mbele, mwendo wa mtu anayechelewa treni. Fimbo alikuwa nayo lakini kazi yake ilikuwa kuonyesha maneno ubaoni. Sikuwahi kumwona akimpiga mtoto. Hakuhitaji, maana ulimi wake ulitosha. Alikuwa anaweza kukutazama, akasema, "Wewe, hata ukilala unalala vibaya," na darasa zima likakaa sawa.

Sasa niseme habari ya harufu, maana ndiko tulikoanzia. Mama yangu alikuwa anaanika dagaa, na mtoto wa mwanika dagaa hawezi kuficha kazi ya nyumbani kwao. Unafua sare jioni, unaianika mbali, asubuhi inanuka vilevile. Walimu waliotangulia walikuwa wanatuweka nyuma, karibu na dirisha, upepo ufanye kazi yake. Siku ya kwanza Mwalimu aliingia, akanusa, akakunja uso.

"Nani ananuka dagaa humu?"

Darasa lilicheka. Sisi wa mwaloni tukainamisha vichwa, tukajua tunarudishwa nyumbani kuoga.

"Msiinamishe vichwa, njooni mbele. Dawati la kwanza, la pili na la tatu ni yenu, hamieni hapa."

Tukahamia. Akatoa leso yake, akajifuta pua, akatuambia kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia, "Harufu ya dagaa siipendi. Kwetu hakuna, na sidhani kama nitaizoea. Lakini kuivumilia ni kazi yangu mimi. Kuona aibu si kazi yenu. Kaeni hapa niwaone."

Hakuizoea kweli. Mwaka mzima alifundisha na leso mkononi, mwaka mzima tulikaa chini ya pua yake. Samaki wa migebuka alikula, mawese aliyapenda hadi akanenepa, ila dagaa hakuwahi kuonja. Watu humsifia mtu kwamba alimpenda kila mmoja na kila kitu. Yeye hakupenda kila kitu, na ndiyo sababu nilimwamini. Nilimpenda sana, na nasema wazi.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja, na aliitunga siku Godeliva alipoletwa darasani. Wazazi wa Godeliva walikimbia Burundi, wakawa wanalima muhogo na maharage juu kule mlimani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alipopewa kitabu asome, alifika kwenye neno "kulala" akatamka "kurara". Baraka, mtoto wa Mwalimu Mkuu, alicheka mpaka akaegemea dawati la jirani yake. Tukacheka wote, hata sisi Waha ambao bibi zetu nyumbani walikuwa wanatamka hivyohivyo.

Mwalimu aliacha kicheko kiishe chenyewe.

"Baraka, umecheka?"

"Hapana, Mwalimu."

"Umecheka. Hongera, umepata kazi. Chukua vitu vyako uhamie dawati la Godeliva. Kuanzia leo humu ndani, anayecheka ndiye anayefundisha. Ijumaa Godeliva atasoma ukurasa huu mbele yetu. Akikwama, nakuuliza wewe. Yeye simuulizi."

Baraka alihama machozi yakimlengalenga. Kumgusa mtoto wa Mkuu hakuna mwalimu mwingine aliyethubutu. Siku zile za katikati tuliwachungulia tukitarajia ugomvi, tukaona wanaandikiana kitu. Kumbe Godeliva alikuwa anajua hisabati kuliko yeye, wakawa wamepeana zamu: huyu anamwonyesha mwenzake kusoma, huyu anamwonyesha kugawanya.

Ijumaa ikafika. Godeliva akasoma ukurasa mzima, polepole, bila kuruka mstari. Kwenye "kulala" akasema tena "kurara". Macho yetu yote kwa Baraka. Akasimama, akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, hilo tumekubaliana tunaliacha."

Mwalimu alijikaza, midomo ikamtetemeka, halafu akashindwa, akacheka kwa sauti. Kisha mtu mmoja kutoka nyuma akasema, "Mwalimu umecheka!" na darasa zima likapokea, "Umecheka! Umecheka!" Angeweza kutunyamazisha. Alivuta kiti chake, mapumziko yale akakaa na Godeliva, na tulipochungulia dirishani tulimwona Godeliva ndiye anayefundisha: Mwalimu anarudia maneno ya Kirundi, "amahoro", amani, "umwana", mtoto, na Godeliva anatikisa kichwa kwamba bado hajapatia.

Baada ya hapo kucheka kulipungua, lakini hakukuisha. Kuna waliocheka makusudi, ili wahamishiwe dawati la fulani. Alijua, akawaacha.

Tukienda kwenye masomo yenyewe, Mwalimu alikuwa na utaratibu ambao nadhani hauko kwenye kitabu chochote cha ualimu. Ziwani kwetu dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifai kitu mbalamwezi ikiwa imewaka. Giza likiwepo mitumbwi inatoka kila usiku, alfajiri inarudi, na asubuhi yote mwalo mzima unaanika: akina mama, mabibi, na sisi watoto wa kufukuza kunguru. Mwezi ukijaa mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, na sisi tunarudi shule tukiwa tumeachwa nyuma. Walimu wengine walituita watoro. Yeye alikaa nje jioni akatazama angani, akauliza majirani, akapanga masomo yake kwa mwezi ule wa juu. Masomo magumu, sehemu na kugawanya kwa tarakimu nyingi, aliyaweka siku ambazo usiku ni mweupe na sisi wote tupo. Kwenye giza alirudia yale yale, akasomesha hadithi, akafundisha mwandiko na nyimbo.

Mkaguzi alikuja siku moja, mtu wa suti na begi. Akakagua azimio la kazi, akamwambia mbele yetu kwamba sehemu zilipaswa kufundishwa wiki mbili zilizopita.

"Wiki mbili zilizopita nusu ya watoto walikuwa mwaloni," alisema Mwalimu. "Nifundishe madawati?"

"Mwalimu, huo ni utoro. Unatakiwa uudhibiti."

"Nimeudhibiti. Uliza swali lolote la sehemu, umwite unayemtaka."

Mkaguzi akaniita mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa karibu na pua yake. Nikaenda ubaoni, nikajumlisha thuluthi na robo. Nilipata. Mwalimu hakunisifu. Aliniambia nifute ubao vizuri, chaki isibaki pembeni.

Kiburi? Walisema ni kiburi. Mimi naona mtu anayemdai mtoto hesabu bila kumwangalia mama yake anafanya nini alfajiri ndiye mwenye kiburi.

Kuna kipindi kimoja cha giza samaki walipatikana sana, na waliobaki darasani walikuwa wachache. Mwalimu akatazama madawati yaliyo wazi akasema, "Kama hawaji, tuwafuate." Akawapanga watoto wa makarani, wa bandari na wa maduka, Baraka akiwemo, wakateremka hadi mwaloni kwetu. Nilipowaona wanakuja na soksi nyeupe nilitamani mchanga unimeze.

Mwalimu, leso puani, akamwamkia mama na kumwomba wageni wapewe kazi. Mama akawapa karai la dagaa na chanja moja tupu ya kuanikia. Wakamwaga. Walimwaga karai zima mahali pamoja, wakalisawazisha kwa mikono kama mtu anayesawazisha ugali kwenye sahani, wakasimama pembeni wakisubiri kusifiwa. Mtu aliyekulia hapa hawezi kufanya kosa hilo. Dagaa wakilaliana, wa juu wanakauka na wa chini wanaoza, na jioni unatupa wote.

"Mwana wanje!" mama alipiga kelele kwa Kiha, yaani mwanangu. "Mnaniozeshea mali!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa mchangani, maana kwa mara ya kwanza wao ndio walikuwa hawajui. Kisha nikamwona Mwalimu ananitazama juu ya leso yake.

"Umecheka," alisema.

Basi nikafundisha. Nilimfundisha Baraka kuchota kidogo na kurusha kwa kiganja, mkono ukiwa legelege, ili kila dagaa aanguke peke yake. Ilimchukua muda. Mwisho akapatia, akafurahi kama amepewa baiskeli. Halafu Mwalimu akachukua kijiti akaigawa chanja yetu robo kwa robo, akawauliza waliovaa soksi ni sehemu gani imeanikwa na ni sehemu gani bado, na sisi wa mwaloni tukawa tunajibu kabla hawajafungua mdomo. Toka siku ile hakuna mtu darasani aliyenikunjia pua. Walikuwa wameshanuka wote.

Na hilo ndilo lililoleta vita. Baraka alirudi nyumbani na magamba kwenye nywele. Mama yake akaongea, baba yake akasikia. Nisimwonee Mwalimu Mkuu: hakuwa mtu mbaya. Shule yetu ilikuwa inasemwa vikaoni kwa sababu ya wastani, na yeye alikuwa anakaa kwenye vikao hivyo akiinamisha kichwa. Alitaka chumba kimoja cha kujivunia. Akatangaza kwamba watoto wa mwaloni, na wale wengine waliokuwa wanasuasua, watahamia stoo wasome kwa utaratibu wao, ili wenzao wasicheleweshwe.

Stoo ilikuwa chumba cha majembe, madawati yaliyovunjika na popo. Nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba mtu akipelekwa kule harudi. Ningekaa mpaka nichoke, kisha ningehamia mwaloni moja kwa moja, na mama angesema ndivyo Mungu alivyopanga. Hilo tu ndilo lililokuwa linapiganiwa, kama mimi na Godeliva na wengine tutaendelea kuwa watoto wa shule.

Asubuhi Mkuu aliingia darasani akaanza kutuita kwa majina. Nikasimama. Godeliva akasimama, akakusanya vitu vyake haraka haraka, kama mtu aliyezoea kuambiwa ahame. Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Akaendelea kufuta mpaka ukawa mweusi kabisa, ndipo akageuka.

"Mkuu, stoo ina ubao?"

"Utapatikana."

"Ina mwalimu?"

"Atapatikana, Mwalimu. Tusianze mabishano mbele ya watoto."

"Ameshapatikana," alisema. Akachukua kiti chake, akakibeba kichwani. "Darasa la tano, bebeni madawati."

"Nimewaita hao tu!"

"Nimesikia, Mkuu. Lakini mimi nilipewa darasa la tano. Nusu darasa sijawahi kupewa."

Akatoka. Hakuna aliyesogea. Macho yote yalikwenda kwa Baraka, na baba yake amesimama pale pale, mkono kwenye kitasa. Mpaka leo sijui mtoto yule alipata wapi ujasiri. Aliinama akashika upande mmoja wa dawati, akamwambia Godeliva, "Shika huko." Wakatoka nalo, wakapita mbele ya Mkuu, Baraka akitazama chini. Tukabeba yote. Tulipomaliza, kile chumba kizuri kilibaki na Mkuu na ramani ya Tanzania.

Tulisoma stoo. Joto lilikuwa halisemeki, na wengine walikaa nje kwenye kivuli cha ukuta wakisikiliza kupitia mlangoni. Wazazi wa mjini walikuja na hasira, wengine wakamwambia Mwalimu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alijibu yote, neno kwa neno, na mengine akaongeza. Kisha siku moja akina mama wa mwaloni wakaja, mama yangu mbele, khanga bado zimelowa. Hawakusema kitu. Walifagia stoo, wakatoa majembe, wakafukuza popo, wakaondoka.

"Asante, mama," Mwalimu alisema.

"Ego," mama alijibu kwa Kiha, yaani ndiyo. Alikuwa hajawahi kukanyaga shule kabla ya siku hiyo.

Mratibu wa elimu alipopita akakuta chumba bora kina kufuli na watoto wamejazana stoo, Mkuu hakuwa na la kumweleza. Tukaambiwa turudi, na tukarudi wote. Hatukugawanywa tena mpaka tukamaliza la saba. Godeliva sasa ni nesi Kasulu. Baraka anatengeneza friji hapa mjini, na akipita mwaloni lazima arushe kiganja kimoja cha dagaa, avurunde, nimseme.

Nisimfanye malaika, angenikaripia. Alikuwa mbahili wa chaki na wa sukari. Alikuwa anasema watu. Mwenzetu mmoja mwenye kigugumizi alimsimamisha asome mapema mno, akiamini ameiva, mtoto akakwama na kulia. Kesho yake Mwalimu alisimama mbele akasema, "Jana nimekosea mimi, mtoto hakukosea," kisha akamwachia achague mwenyewe siku ya kusoma. Na huyo aliyetufundisha kuheshimiana alikataa kuitikia salamu ya Mwalimu Mkuu muhula mzima baada ya ile vita. Tulipomuuliza alituambia tufanye anavyosema, anavyofanya tumwachie mwenyewe.

Mwisho wa mwaka wakamhamisha. Walimpeleka kijiji cha pwani ya kusini ya ziwa, mahali ambapo hakuna barabara, boti tu. Na Mwalimu alikuwa anaogopa maji kuliko kitu chochote. Muda wote aliokaa Kigoma hakuwahi kutia hata kidole ziwani. Waliompangia walijua? Sijui. Mimi naamini walijua.

Tulimsindikiza. Vijana wawili walimbeba juu juu hadi kwenye boti, akiwa amefumba macho na kuwakaripia kwamba wanamshika vibaya. Akakaa chini kabisa katikati ya magunia, akajifunika khanga usoni. Hakutupungia mkono. Tulilia sana, na hasira niliyoipata pale ninayo mpaka leo. Wanaosema hasira ni dhambi sijui waliwahi kumsindikiza nani.

Alistaafia huko huko ziwani, kisha akarudi akapata nyumba ndogo Ujiji, uchochoro wa nyuma ya msikiti. Mkristo wa kwaya, na mwezi wa Ramadhani majirani ndio wanaomfuturisha. Nilimwendea wiki moja kabla ya mkutano wa wazazi wa shule ya binti yangu. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua maharage. Amezeeka, macho yamepungua nguvu, anayapapasa maharage kwa vidole.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni yule wa thuluthi na robo?"

"Ndiye."

"Kaa. Usikae upande wa upepo."

Nikamweleza. Kundi la Kwanza watasoma asubuhi na walimu wote. Kundi la Pili watakuja mchana, jua kali, na mwalimu atakayekuwa na nafasi. Karibu watoto wote wa mwaloni wamewekwa la Pili, pamoja na mtoto mmoja asiyeona ubao vizuri na wawili waliohamia juzi kutoka vijijini, Kiswahili bado. Nikamwomba aje mkutanoni. Nilishamtafutia bajaji. Asimame awaambie.

"Siji," alisema.

Nilidhani anatania.

"Siji, mwanangu. Nikisimama mimi watanipigia makofi, watasema bibi katukumbusha mbali, wataninunulia soda, na Jumatatu watawagawa. Wa kwako wamemweka wapi?"

"La Kwanza."

"Ehe." Akatupa jiwe moja pembeni. "Sasa unanitafutia nini mimi? Mama wa mtoto aliyewekwa nyuma akisema, ataambiwa ana wivu. Nimewaona, wanaambiwa hivyo miaka yote, wanakaa. Mama wa mtoto aliyewekwa mbele akikataa, watamwambia nini?"

Binti yangu anapenda shule. Siku alipopangwa Kundi la Kwanza alikuja mbio mpaka mwaloni ninakofanya kazi kuniambia, akasahau kuvua viatu. Nina mtoto mmoja.

"Mwalimu, na wakimwondoa kwa sababu yangu?"

"Wanaweza."

Alisema hivyo tu, akaendelea kuchambua. Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilitaka aniambie hawatathubutu. Maharage yalipokaribia kwisha akasema bila kuinua uso, "Mimi walinipandisha boti. Nilitapika njia nzima, nikaomba Mungu anichukue. Nikafika. Nikakuta watoto."

Akanipa ungo niupepete. Nilipomaliza aliukagua kwa vidole, akanionyesha jiwe nililoliacha, akaniambia niende, bajaji ya watu inanisubiri.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, chini ya bati la ukumbi. Mwalimu Mkuu wa sasa ni kijana mstaarabu, anaongea vizuri. Alieleza makundi, akaonyesha faida, akauliza kama kuna swali. Mama mmoja wa Kundi la Pili alisimama, mwenzangu wa mwaloni, akasema mtoto wake mchana anamsaidia kugeuza na kuanua dagaa, sasa atasoma saa ngapi? Wengine wakaguna. Mtu akasema kwa sauti, "Wivu huo." Yule mama akakaa.

Nikasimama. Nilisema watoto wetu wasigawanywe, wote wakae chumba kimoja, wajuao wawafundishe wasiojua, na shule ipange masomo magumu wakati mwaloni kumepoa.

Mwalimu Mkuu alitabasamu. Akapekua karatasi zake, akalitafuta jina la binti yangu.

"Mama, lakini wewe mtoto wako yupo Kundi la Kwanza. Unalalamikia nini?"

"Ndiyo maana nimesimama mimi," nilimwambia.

Akaniomba nikae, ili wengine nao wachangie. Sikukaa. Nyuma yangu nikasikia kiti kikisogea, mtu akisimama, kisha kingine.